Pete za Vanila za Anke

Pale Nørrevad, ukitaka kumtukana mwanamke bila kufungua mdomo, ipitishe sahani yake ya keki kwa jirani bila kuchukua kitu. Basi, umemaliza. Atakuelewa, ukumbi mzima utakuelewa, na wajukuu wake watakuja kusimuliwa.

Botilla Matzen alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana daftari la keki lilikuwa mkononi mwake mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kila Alhamisi ya tatu ya mwezi wazee wa mji walikutana ukumbini kula chakula cha mchana pamoja: viazi vya kuchemsha, nyama ya kusaga iliyokaangwa, kabichi nyekundu na mchuzi mzito wa kahawia. Chakula hicho kilipikwa kwa zamu na hakuna aliyekigombania. Ugomvi ulikuwa kwenye kahawa. Watu wakishakula huimba wimbo mmoja, kisha inaletwa kahawa na keki aina kumi na nne, saba laini na saba kavu, kama walivyofanya mama zao. Kila aina ina mwenyewe. Keki ya mkate mweusi, ile ya krimu na jamu, ni ya Botilla. Pete za vanila, zile biskuti nyembamba zinazokunjwa mviringo, ni za Anke Jessen. Huoki ya mwenzio, na mwenzio hakupi siri ya mapishi yake hata mkiwa mmelala kitanda kimoja. Na kununua dukani, ole wako! Mwaka 1988 kuna mama alinunua keki akaipanga kwenye sahani ya nyumbani kwake, akadhani watu hawana macho. Kabla ya Krismasi alikuwa ameshahamia parokia nyingine, na mpaka leo akitajwa watu hushusha sauti.

Anke na Botilla walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana. Walianza kazi pamoja kwenye kiwanda cha maziwa wakiwa na miaka kumi na saba, wakiosha ndoo kwa maji ya moto mpaka mikono ikawa myekundu. Waliolewa mwaka mmoja, wakafiwa na waume wao mmoja baada ya mwingine. Anke alikuwa na mtoto, Karsten, aliyekuwa akiishi mji wa mbali, Odense. Botilla hakujaliwa. Yeye alikuwa na Anke tu, na alikuwa anatosheka.

Sasa mwezi wa pili mwaka juzi akahamia Nørrevad mjane mmoja kutoka Copenhagen, anaitwa Solvejg Brandt. Miaka sabini, shingoni mtandio wa rangi ya machungwa, kicheko cha kusikika mpaka kituo cha basi. Alhamisi yake ya kwanza ukumbini aliangaza huku na huku, akaona kiti kitupu kushoto kwa Anke, akakaa. Kiti cha kulia kilikuwa cha Botilla tangu ukumbi upakwe rangi ya kijani. Cha kushoto hakikuwa cha mtu, kwa hiyo hakuna sheria iliyovunjwa. Botilla aliitafuta hiyo sheria na hakuiona.

“Kipya kinyemi ingawa kidonda,” alijisemea akirudi nyumbani. “Kitachakaa tu.”

Jamani, hakikuchakaa. Ilipopita Pasaka mambo yakazidi. Anke, ambaye maisha yake yote alitembea peke yake kama askari, sasa alikuwa anaingia ukumbini ameshikana mkono na Solvejg kama wachumba. Wimbo ukianza, Solvejg anamwinamia sikioni, anamnong'oneza, na Anke anaitikia kwa kichwa. Chakula kikija, Solvejg anaichukua sahani ya Anke bila kuomba, anamkatia nyama vipande vipande, anamwambia, “Viazi viko huku, kabichi huku.” Na Anke anatabasamu! Huyo huyo Anke ambaye siku moja Botilla alijaribu kumwondolea uzi kwenye sweta akaambiwa, “Niache, mimi si mtoto.”

Botilla alikuwa anakula huku anawatazama.

Mzee Jes Thaysen, aliyewahi kuwa tarishi wa posta na ambaye hakuacha kujua habari za watu hata baada ya kustaafu, alikuwa anakaa mbele yao. Alimwona.

“Tille,” alimwambia, maana ndivyo walivyomwita, “unamtazama Solvejg kama paka aliyekuta mbwa amelala kikapuni mwake.”

“Kula viazi vyako, Jes.”

“Nakula. Nasema tu, wivu utakukondesha, na wewe huna mwili wa kupunguza.”

Watu wakacheka. Botilla naye akacheka kidogo, kwa meno tu.

Wivu ulimwingia usingizini. Ulimwingia kwenye kufua. Alikuwa anapitia barabara ya nyumba ya Anke bila sababu yoyote, kwenda kununua maziwa ambayo anayo, na kama baiskeli ya Solvejg imeegemezwa ukutani, siku hiyo imeharibika. Jumatano, alikuja kugundua, baiskeli huwa ipo kila mara. Jumatano! Siku ya kuoka. Miaka yote hiyo Jumatano ya kuoka hakuna aliyekanyaga jikoni kwa Anke, hata Botilla. Alikuwa anaishia mlangoni.

Mwezi wa sita Anke alikuja kwake peke yake, polepole, akipapasa uzio. Botilla alifurahi mpaka akamwaga kahawa. Hatimaye amechoka naye, alijiambia, amerudi. Akamkalisha, akampakulia, kisha akashindwa kujizuia. Akaanza: Solvejg na mtandio wake, Solvejg na kelele zake, Solvejg anayejifanya wa hapa na hata majina ya barabara hayajui. Alisema saa nzima. Anke alikunywa vikombe viwili, akasema kahawa ilikuwa nzuri, akaenda zake.

Jumatano moja ya mwezi wa tisa, Botilla alikwenda nyumbani kwa Solvejg kumpelekea tangazo la mkutano wa kamati. Tangazo lenyewe lingeweza kungoja kesho. Alipofika karibu na dirisha la jikoni harufu ikampiga puani, vanila na siagi. Akasimama. Akachungulia, ndiyo, mtu mzima wa miaka sabini na saba, akachungulia kama mwizi. Juu ya meza kulikuwa na trei mbili za pete za vanila zinapoa. Hapakuwa na mtu.

Alirudi nyumbani na tangazo lake mfukoni. Miaka hamsini aliwahi kuuliza siri ya hizo pete mara moja tu, mara moja! Alisema, “Anke, unaweka nini humo?” Akajibiwa, “Nitakuambia siku ya kufa.” Akaheshimu. Na sasa mtu wa miezi saba amepewa yote, kipimo, moto, kila kitu. Siku hiyo Botilla hakula chakula cha jioni. Alilia kwa hasira, akanawa uso, akalia tena.

Kesho yake, ukumbini, watu arobaini kasoro wawili. Waliimba, kahawa ikamiminwa, sahani zikaanza kupita. Solvejg alileta maua kama kawaida yake, maana mgeni haingii daftarini mpaka mwaka utimie. Sahani ya bluu ya Anke ilikuwepo, imejaa pete. Ikaja mkono kwa mkono, ikafika kwa Jes, Jes akachukua tatu, akampa Botilla juu ya meza.

Botilla akazitazama, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, maana miezi hiyo yote macho yake yalikuwa kwa Solvejg. Anke ni mtu wa mkono wa kushoto. Akikunja pete, ncha ya kushoto hupanda juu ya ya kulia, na hapo huziminya kwa kidole gumba. Botilla amezila hizo pete mara zisizohesabika, angezitambua gizani. Hizi zilikuwa zimepanda kulia, zote.

Si mkono wa Anke, basi. Trei zile zile za jana. Kwenye sahani ya Anke!

Akaipokea sahani kwa mikono miwili, akampa aliyekuwa upande wake wa pili. Hakuchukua hata moja.

Sijui kama umewahi kukaa mahali ambapo watu thelathini na wanane wameacha kutafuna kwa pamoja. Kijiko kimoja kiligonga kikombe, basi.

“Tille,” alisema Jes kwa sauti ndogo, “umesahau.”

“Sijasahau.” Sauti ya Botilla ilikuwa juu kuliko alivyotaka. “Anke. Hizi umeoka wewe?”

Anke aligeuza uso wake. Hakumtazama machoni, alimtazama kama karibu na sikio.

“Swali gani hilo?”

“Swali la mwenye daftari. Nakuuliza mbele ya watu. Umezioka kwa mkono wako?”

Kabla Anke hajajibu, Solvejg akasimama. Mtandio wake ukaingia kwenye krimu, hakuuona.

“Ni kosa langu mimi,” alisema. “Za Anke zimeungua. Nikachukua sahani yake, nikaweka zangu bila kumwambia. Samahani nyote. Sijazoea desturi zenu.”

“Nilijua!” Botilla alisimama akapiga meza. “Mwizi! Umekuja hapa juzi, umekalia kiti, umemshika mkono, sasa umemwibia mpaka biskuti! Bado nini? Kaburi la mume wake?”

“Botilla!” mtu alifoka.

Lakini Botilla alikuwa amenoga. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili alikuwa anapumua vizuri. Alimgeukia Anke kumwangalia anavyokasirika, anavyouvuta mkono wake kutoka kwa yule mwanamke. Alikuwa tayari hata kumkumbatia.

Anke alikuwa anapapasa meza. Alikipata kiwiko cha Solvejg akakivuta chini.

“Kaa chini, shoga. Usinibebee. Umebeba vya kutosha.” Kisha akainua uso kuelekea watu. “Hizo pete kaoka yeye. Na za mwezi uliopita, na za mwezi wa saba. Zote tangu Pasaka. Mimi sioni. Katikati ya macho yangu pana doa jeusi, naona pembeni tu. Nikikutazama usoni, uso haupo. Nilijiunguza mkono mara mbili kwenye jiko. Solvejg alinikuta kanisani nimeshika kitabu cha nyimbo kichwa chini, akakigeuza, hakusema kitu. Ndiyo hivyo. Nimekuleteeni ya mkono wa mtu mwingine, mniandike mnavyotaka.”

Botilla alikuwa bado amesimama, na kila alichokiona miezi hiyo kikaanza kumrudia, kimoja kimoja. Mkono ulioshikwa, mnong'ono wakati wa wimbo, nyama iliyokatwa, “viazi viko huku”, uzio uliopapaswa. Yeye alikaa kiti cha kulia, sentimita thelathini kutoka kwa Anke, akatazama kila Alhamisi kwa macho makali kama sindano. Aliona kila kitu isipokuwa hicho. Na yule mgeni alikiona katika wiki ya tisa.

Na hata hapo, Mungu amsamehe, kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuambiwa yeye.

Alimfuata Anke jikoni wakati wengine wanakusanya vikombe. Anke alikuwa ameegemea sinki.

“Kwa nini hukuniambia mimi?” Botilla alisema. “Mimi, Anke! Mimi ningeoka. Ningekupikia, ningekufulia, ningelala sakafuni kwako!”

“Najua ungelala sakafuni.”

“Sasa?”

“Karsten alishasema. Siku nitakaposhindwa kuwasha jiko, anakuja kunichukua Odense. Nilitaka mwaka mmoja, Tille. Mwaka mmoja tu nyumbani kwangu kabla watu hawajajua.”

“Na mimi ni watu?”

“Mwezi wa sita nilikuja kwako kukuambia. Nilipanga maneno njia nzima. Ukaanza na Solvejg. Nikangoja umalize. Hukumaliza.”

Maji yalikuwa yanachuruzika sinki na hakuna aliyeyafunga.

“Hawatamwambia,” alisema Botilla. “Watu wa hapa, hakuna atakayemwambia Karsten. Nitawaapisha mmoja mmoja.”

“Shangazi wa mke wa Karsten alikuwa amekaa meza ya pili,” alisema Anke. “Ameshatoka na simu.”

Karsten alifika Jumamosi na gari kubwa. Si mtu mbaya, Karsten. Alimkumbatia mama yake, akakagua jiko, akaona vidole vilivyoungua, akalia chooni ambako alidhani hasikiki. Nyumba ilipata mnunuzi ndani ya wiki sita, watu vijana wenye mbwa. Botilla na Solvejg ndio waliofunga mizigo. Walifanya kazi siku nne katika vyumba tofauti. Siku ya tano ikabidi wakutane kwenye kabati la vyombo, maana ni zito.

“Shika huko,” alisema Botilla.

“Nimeshika.”

“Si hivyo. Kwa chini.”

“Bi Botilla, nimeshika kwa chini tangu mwanzo.”

Wakalibeba. Nusu ya ngazi Solvejg akasema, akihema, kwamba yeye hana kinyongo, na kwamba angependa siku moja wanywe kahawa pamoja. Botilla akamwambia aangalie mlango. Baadaye alijuta, lakini si sana.

Asubuhi ya kuondoka Anke aliwakumbatia wote wawili getini. Solvejg alikumbatiwa kwanza. Botilla alihesabu muda, hakutaka kuhesabu lakini alihesabu, na wa Solvejg ulikuwa mrefu. Ilipofika zamu yake alitaka kusema nisamehe. Neno lilikuwa kinywani kabisa, amelifanyia mazoezi kwenye kioo. Badala yake akasikia mdomo wake unauliza, “Yeye umempa mapishi ya pete?”

Anke alicheka. Kicheko kilikuwa kimechoka. “Nimempa, Tille. Ilibidi, alikuwa anazioka.”

Karsten akapiga honi, gari likaondoka.

Hiyo ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Alhamisi ya tatu ya mwezi wa kwanza watu walikula tena ukumbini. Solvejg alipeleka pete za vanila, na kamati, bila kumsubiri Botilla aseme chochote, ilikuwa imeshakubali, ingawa mwaka wake ulikuwa haujatimia. Sahani ilipofika, Botilla alichukua moja. Akala. Ilikuwa nzuri, na hilo nalo likamuuma. Jes alitaka kutania, akamwangalia usoni, akaacha.

Jumapili Botilla hupiga simu Odense. Anapiga saa nne asubuhi, laini ina mtu. Anapiga saa nne na robo, ina mtu. Anajua mtu huyo ni nani, maana kutoka dirishani kwake huonekana dirisha la Solvejg, na Solvejg huongea na simu akiwa amesimama, anarusha mkono, anacheka. Botilla hukaa na simu yake mapajani akingoja yule amalize. Akiona mkono umeshuka, anabonyeza namba.

Jumapili iliyopita iliita mara mbili tu, ikapokelewa. Sauti ya Anke ilikuwa na furaha, ya kijana kabisa, bado ina mabaki ya kicheko.

“Umesahau nini tena, Solvejg?”

Botilla alishika mkono wa kiti.

“Ni mimi,” alisema. “Ni Tille.”

“Aa,” alisema Anke. “Tille. Hujambo?”